Ruzuku za Maendeleo katika Mikoa ya Zanzibar: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Fedha na Usimamizi Wake

Maswali yaliyomo humu ni yale ambayo masheha (viongozi wa shehia, ngazi ya chini kabisa ya utawala), madiwani, wajumbe wa kamati za ujenzi na wananchi wa kawaida wa Unguja na Pemba huyauliza kila mara skuli inapoanzwa na isimalizike, au kisima kinapochimbwa na maji yasitoke. Majibu yamepangwa kwa kufuata safari ya fedha yenyewe, tangu inapokadiriwa mpaka inapokaguliwa. Mwenye haraka anaweza kuanzia kwenye swali la nyaraka za mradi, kwa kuwa ndilo lenye manufaa ya karibu zaidi kwake.

Ruzuku ya maendeleo ni nini hasa, na inatofautiana vipi na mkopo?

Ruzuku ni fedha inayotolewa bila ya mpokeaji kutakiwa kuirejesha, kwa sharti kwamba itumike kwa kazi iliyotajwa na kwamba itolewe hesabu. Mkopo hurejeshwa, hata ukiwa wa masharti nafuu na wa miaka mingi. Tofauti hii ni ndogo kuieleza na kubwa kuisahau, kwa sababu mwananchi anayeona mtaro mpya mbele ya nyumba yake hana namna ya kujua umejengwa kwa fedha ya aina gani, na mara nyingi huambiwa tu kwamba "wafadhili wametusaidia".

Mradi wa Huduma za Miji Zanzibar, unaojulikana zaidi kwa kifupi chake ZUSP, uliidhinishwa na Benki ya Dunia mwaka 2011 na ukafanya kazi Unguja na katika miji ya Pemba. Mradi wa BIG-Z wa Benki hiyo hiyo, uliokuja mwaka 2021 kwa dola za Marekani milioni 150, unafuata njia hiyo hiyo. Yote miwili imegharamiwa kwa mkopo nafuu. Baraza la mji linalopokea kazi hizo halidaiwi, na kwa macho ya diwani fedha hiyo ni sawa na ruzuku, lakini deni lipo na litalipwa kwa kodi. Kwa hiyo wanaosema kwamba fedha ya mradi "si yetu, tusiwasumbue waliotupa" wanakosea mara mbili: fedha ni yetu, na hata ingekuwa ya bure, kuuliza ilivyotumika si kumsumbua aliyeitoa.

Fedha za maendeleo ya mikoa na wilaya hutoka wapi?

Chanzo cha kwanza ni Mfuko Mkuu wa Hazina wa Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, unaojazwa na kodi, ushuru na mapato mengine. Cha pili ni mapato ya mabaraza yenyewe, yaani ada za leseni, masoko, taka na mfano wa hayo, ambayo katika wilaya za mjini ni ya maana na katika wilaya kama Micheweni ni haba. Cha tatu ni mikopo na misaada ya nje. Mikopo hii hukopwa kwa jina la Jamhuri ya Muungano, kisha sehemu ya Zanzibar hupelekwa Zanzibar. Katika misaada ya kibajeti inayopitia Serikali ya Muungano, Zanzibar imekuwa ikipata asilimia 4.5, kiwango ambacho kimebishaniwa kwa miaka mingi na ambacho ni miongoni mwa mambo yanayoihusu Tume ya Pamoja ya Fedha iliyotajwa katika ibara ya 134 ya Katiba ya Muungano.

Mfano wa karibu ambao wengi wanaukumbuka ni fedha za UVIKO-19. Septemba 2021 Shirika la Fedha la Kimataifa liliidhinisha dola milioni 567.25 kwa Tanzania, sawa na takriban shilingi trilioni 1.3, na Zanzibar ikapata takriban shilingi bilioni 230. Kutokana na fedha hizo zilijengwa hospitali za wilaya na madarasa, na wajasiriamali na wakulima wa mwani wakawezeshwa. Huo nao ulikuwa mkopo.

Je, mkoa una bajeti yake ya maendeleo?

Kwa kiasi kidogo. Zanzibar ina mikoa mitano na wilaya 11, na mkoa ni ngazi ya utawala na uratibu kwa mujibu wa Sheria ya Tawala za Mikoa Namba 8 ya 2014. Mkuu wa Mkoa husimamia utekelezaji wa sera za Serikali katika eneo lake, lakini mkataba wa kujenga skuli hautiwi saini mezani kwake. Miradi hutekelezwa na wizara za kisekta au na mabaraza ya serikali za mitaa, yaani manispaa, mabaraza ya miji na halmashauri za wilaya, yanayoongozwa na Sheria ya Serikali za Mitaa Namba 7 ya 2014. Kwa Pemba kuna jambo la ziada: wizara nyingi zinawakilishwa na Ofisa Mdhamini, na huyo ndiye mtu wa kwanza kumuendea mtu anapotaka kujua mradi wa wizara fulani umefikia wapi, badala ya kupanda boti kwenda Unguja kutafuta jawabu ambalo limo ndani ya faili la Chake Chake.

Ombi la shehia hufikaje kwenye bajeti?

Kwa nadharia, safari ni ya kutoka chini kwenda juu. Wananchi hukutana chini ya sheha wao na kuyapanga mahitaji yao kwa umuhimu. Orodha hiyo hupelekwa kwa diwani na katika baraza, ambako vikao vya madiwani huichuja pamoja na zile za shehia nyengine. Mpango wa baraza huunganishwa na mipango ya wizara, hupimwa kwa vigezo vya Mpango wa Maendeleo wa Zanzibar wa 2021 hadi 2026 na Dira ya Maendeleo ya 2050, na hatimaye huingia katika makadirio yanayosomwa mbele ya Baraza la Wawakilishi. Baraza hukaa kwa bajeti mwezi wa Mei na Juni, kwa kuwa mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai na kumalizika tarehe 30 Juni.

Kwa vitendo, maombi mengi hufia katika hatua mbili. Ya kwanza ni shehia yenyewe, ambako huandikwa orodha ya mahitaji kumi na tano bila ya kusema lipi ni la mwanzo, na anayeisoma juu akachagua lile lililo rahisi kwake. Ya pili ni wakati. Ombi linaloletwa mwezi wa Aprili, wakati vitabu vya makadirio vimeshakaribia kufungwa, litasubiri mwaka mzima hata likiwa na haki kiasi gani. Sheha mwenye uzoefu huitisha mkutano wake kabla ya mwaka wa kalenda kumalizika, hutaja jambo moja au mawili, na huambatanisha idadi ya watu watakaonufaika, umbali wanaotembea kwa sasa, na uthibitisho kwamba ardhi ipo na haina mgogoro. Hili la ardhi halitiliwi mkazo wa kutosha. Miradi kadhaa hukwama baada ya fedha kupatikana kwa sababu warithi wa eneo walitokea siku ya kuchimba msingi.

Ugatuzi ulibadilisha nini?

Kuanzia mwaka wa fedha 2017/18 Serikali ilianza kupeleka kwa mabaraza majukumu ya elimu ya maandalizi na msingi, afya ya msingi na kilimo, pamoja na watumishi na fedha za kazi hizo. Shabaha ilikuwa kumsogeza mtoa huduma karibu na anayehudumiwa. Mipaka ya kazi kati ya wizara na mabaraza imekuwa ikirekebishwa, na kwa sababu hiyo kila anayefuatilia mradi aanze na swali moja: kasma ya mradi huu, yaani kifungu chake cha matumizi, iko chini ya fungu la bajeti la nani? Mwenye fungu ndiye mwenye jawabu. Wengine wote, hata wakiwa na nia njema, watakwambia walivyosikia.

Kuna mifuko mingapi ya jimbo?

Miwili, na kuchanganywa kwake huleta maneno mengi. Zanzibar ina majimbo 50, 32 Unguja na 18 Pemba, na kila jimbo lina Mbunge katika Bunge la Muungano na Mwakilishi katika Baraza la Wawakilishi. Mbunge ana Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, ulioanzishwa kwa Sheria Namba 16 ya 2009 ya Bunge, ambao kwa majimbo ya Zanzibar hupitia Ofisi ya Makamu wa Rais. Mwakilishi ana mfuko wake unaotoka katika bajeti ya Serikali ya Mapinduzi. Mifuko yote miwili ni fedha ya umma iliyowekewa kamati na taratibu. Kiongozi anapokabidhi mabati au mabomba yaliyonunuliwa kwa mfuko huo, anakabidhi mali ya Serikali. Shukrani si dhambi, ila ingefaa risiti ikabidhiwe pamoja na mabati.

TASAF ni ruzuku ya aina gani?

Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, ulianzishwa mwaka 2000 na hufanya kazi pande zote mbili za Muungano. Kwa Zanzibar huratibiwa na Ofisi ya Makamu wa Pili wa Rais. Katika awamu zake za mwanzo ulijulikana zaidi kwa madarasa, vituo vya afya na barabara za ndani. Tangu kuanza kwa mpango wa kunusuru kaya maskini, uzito umehamia kwenye ruzuku kwa kaya na ajira za muda, na ndizo kazi ambazo Pemba zimeacha alama kama matuta ya kuzuia maji ya bahari yasiingie katika mabonde ya mpunga. Orodha ya walengwa hutakiwa kupitia katika mkutano wa hadhara wa shehia. Anayedhani ameachwa kwa makosa au mwengine ameingizwa kwa upendeleo ana haki ya kulisema pale pale, mbele ya watu, na kutaka liandikwe katika kumbukumbu za mkutano.

Kwa nini fedha zilizopitishwa na Baraza la Wawakilishi hazijafika kwetu?

Hili ndilo swali linaloulizwa kwa hasira zaidi, na jawabu lake lina sehemu kadhaa.

Kwanza, bajeti ni makadirio. Baraza linapopitisha fungu, linairuhusu Serikali kutumia mpaka kiwango hicho. Halijaziweka noti katika sanduku. Fedha hutolewa kadiri mapato yanavyoingia, na mapato yakichelewa, miradi ya ndani ndiyo husubiri, kwa kuwa mishahara na madeni havisubiri. Bajeti yote ya Serikali ya Mapinduzi ilikuwa takriban shilingi trilioni 2.59 katika mwaka 2022/23 na ikafika takriban trilioni 5.18 katika 2024/25, lakini ongezeko hilo la jumla halimaanishi kwamba kila kasma ya kila wilaya imeongezeka maradufu. Sehemu kubwa huenda kwenye miundombinu mikubwa ambayo mtu wa kijijini huiona anaposafiri tu.

Pili, hata fedha ikiwepo, haitoki bila ya maombi kamili. Baraza linalotaka malipo ya awamu ya pili hutakiwa kuonesha awamu ya kwanza ilivyotumika. Ripoti isipoandikwa, au ikaandikwa na kurudishwa kwa makosa, mradi hukaa. Nimewahi kufuatilia jengo la madarasa mawili lililosimama kwenye linta kwa zaidi ya mwaka, na watu wote wa kijiji wakaamini kwamba fedha imeliwa. Ilipochunguzwa, ikaonekana kwamba fedha ya kuezekea haikuwahi kuombwa: cheti cha mhandisi cha hatua ya msingi kilikosa saini moja, na kila ofisi ilikuwa ikisubiri ofisi nyengine ikikamilishe. Hakuna aliyeiba hata shilingi, na watoto walisoma chini ya mwembe.

Tatu, mwaka wa fedha una mwisho. Kiasi ambacho hakijatumika mpaka tarehe 30 Juni kwa kawaida hufa na ruhusa yake, na mradi hulazimika kuingizwa upya katika bajeti inayofuata. Ndiyo maana mwezi wa Mei na Juni huwa ni miezi ya manunuzi ya pupa, na manunuzi ya pupa ndiyo mama wa kazi mbovu.

Nani anasimamia kazi wakati inaendelea, na mwananchi anaweza kuona nyaraka gani?

Kisheria, mwenye dhamana ya kwanza ni Afisa Masuuli, ambaye katika wizara ni Katibu Mkuu na katika baraza ni Mkurugenzi. Huyo ndiye atakayejibu kwa jina lake mbele ya wakaguzi kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma Namba 12 ya 2016. Chini yake wako wahandisi, wakaguzi wa ndani na bodi ya zabuni inayofuata Sheria ya Ununuzi na Uondoaji wa Mali za Umma Namba 11 ya 2016. Lakini mhandisi wa baraza ana kazi nyingi na gari chache, na mkaguzi wa ndani hufika siku moja kati ya siku tisini. Aliyepo kila siku ni jirani wa jengo. Kwa sababu hiyo kamati ya mradi ya shehia, ikiwa imechaguliwa kwa haki na inajua kusoma karatasi nne, ina nguvu kuliko taasisi yoyote ya juu, kwa kuwa ndiyo pekee inayoweza kulizuia kosa kabla halijafunikwa kwa saruji.

Karatasi ya kwanza ni mchanganuo wa gharama na vipimo, unaosema nondo za unene gani, mifuko mingapi ya saruji, na mbao za aina gani. Mtu hahitaji kuwa mhandisi ili kuhesabu mifuko. Ya pili ni mkataba, au walau kurasa zake zinazotaja jina la mkandarasi, bei, tarehe ya kuanza na kumaliza, na kipindi cha uangalizi baada ya kukabidhi. Ya tatu ni daftari la kupokelea vifaa, lenye tarehe, idadi, na saini ya aliyeleta na aliyepokea. Ya nne ni kumbukumbu za ukaguzi wa eneo, ambamo mhandisi huandika alichokiona na alichoagiza kirekebishwe.

Wazee walisema mali bila daftari huisha bila habari, na katika miradi yetu habari hiyo huanza kupotea kwenye daftari la vifaa. Kosa la kawaida si la mtu aliyechukua lori zima la saruji; ni la mifuko minne leo, miwili kesho, na mpokeaji anayetia saini kwa siku tatu kwa mpigo kwa sababu alikwenda mazikoni. Kamati iteue wapokeaji wawili wasiotoka nyumba moja, daftari likae skuli au katika ofisi ya sheha, na mwisho wa kila wiki lisomwe kwa sauti mbele ya wajumbe. Inachukua robo saa.

Anayeambiwa kwamba nyaraka hizi ni siri aulize kwa adabu ni sheria gani inayosema hivyo. Kifungu cha 18 cha Katiba ya Zanzibar ya 1984 kinatambua haki ya raia ya kupewa taarifa za mambo yanayohusu maisha yake. Ombi la maandishi, lenye tarehe na nakala kwa Mkuu wa Wilaya, hupata jawabu kwa urahisi kuliko maneno ya barazani.

Nguvu za wananchi zinahesabiwa?

Zinapaswa kuhesabiwa, na mara nyingi hazihesabiwi. Skuli nyingi za Unguja na Pemba zimeanza kama banda lililojengwa na wanakijiji kwa mawe, mchanga na mikono yao mpaka likafika linta, kisha Serikali ikaezeka na kutia milango. Mchango huo una thamani ya fedha na unatakiwa uandikwe: siku ngapi za kazi, watu wangapi, mawe gari ngapi. Usipoandikwa hutokea mambo mawili. Thamani ya jengo katika vitabu huwa pungufu, au, lililo baya zaidi, mawe yaliyotolewa bure na wananchi huja kuonekana katika hati ya malipo kama mawe yaliyonunuliwa.

Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu hufanya nini, na "hati safi" ina maana gani?

Ofisi ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ya Zanzibar imewekwa na kifungu cha 112 cha Katiba ya Zanzibar. Hukagua wizara, mashirika, mabaraza na miradi, na ripoti zake hukabidhiwa Rais kisha hufika Baraza la Wawakilishi. Ni ofisi tofauti na ile ya Mdhibiti wa Serikali ya Muungano, jambo ambalo hata waandishi wa habari hulichanganya.

Kuhusu hati safi, ni vyema kueleweka kwa usahihi. Mkaguzi anapotoa hati inayoridhisha, anasema kwamba hesabu zilizoandaliwa zinaonesha hali halisi ya kifedha kwa kiasi cha kutosha na kwamba zimefuata viwango vya uhasibu. Hasemi kwamba kila kilichonunuliwa kilikuwa na maana, wala kwamba kila jengo linatumika. Baraza linaweza kupata hati safi huku tangi lake la maji likiwa limesimama bila ya bomba, mradi gharama ya tangi imeandikwa vizuri. Suala la thamani ya fedha hushughulikiwa katika ukaguzi wa ufanisi na ukaguzi wa kiufundi, na msomaji anayetaka kujua hali ya miradi aziruke kurasa za mwanzo na aende moja kwa moja kwenye hoja za ukaguzi na mapendekezo ya miaka iliyopita ambayo hayajatekelezwa. Hapo ndipo penye chumvi.

Ukaguzi huu pia huja kwa kuchelewa, kwa maumbile yake. Malipo yaliyofanywa Agosti 2023 ni ya mwaka wa fedha 2023/24, ambao ulifungwa Juni 2024; hesabu zake hukaguliwa baada ya hapo, na ripoti husomwa mwaka unaofuata. Wakati huo mkandarasi ameshaondoka na rangi imeshaanza kubanduka. Kumtegemea Mdhibiti peke yake ni sawa na kumtegemea daktari anayepima maiti.

Baraza la Wawakilishi huzifanyia nini ripoti hizo?

Kamati ya kudumu inayochunguza hesabu za Serikali na mashirika, maarufu kwa jina la PAC, huwaita Maafisa Masuuli kujibu hoja moja moja, hutembelea miradi, na kuwasilisha ripoti yake barazani. Kamati ikija katika wilaya, wananchi wa eneo wanaweza kuwepo, na maneno ya mjumbe mmoja wa kamati ya shehia aliyeshika daftari lake mkononi huwa na uzito kuliko malalamiko ya watu mia.

Nikiona dalili za wizi au rushwa, niende wapi?

Kwanza tenganisha uzembe na jinai. Kazi inayochelewa au isiyolingana na vipimo ipelekwe kwa maandishi kwa Mkurugenzi wa baraza au Ofisa Mdhamini, nakala kwa Mkuu wa Wilaya. Ikiwa kuna hati ya kughushi, vifaa vilivyouzwa, au mtu aliyeombwa hongo ili alipwe haki yake, hiyo ni kazi ya Mamlaka ya Kuzuia Rushwa na Uhujumu wa Uchumi Zanzibar, ZAECA, inayopokea taarifa Unguja na Pemba. Toa tarehe, kiasi, majina ya waliokuwepo na nakala ya karatasi. Taarifa isemayo "wote hao wezi" haiwezi kuchunguzwa. Usimtangaze mtu mtandaoni kabla ya hapo. Ukikosea umemvunjia heshima asiye na hatia, na ukipatia umempa mwenye hatia muda wa kuficha ushahidi.

Je, mgao kati ya Unguja na Pemba ni wa haki?

Inategemea kipimo, na wanaobishana mara nyingi hawatumii kipimo kimoja. Kwa Sensa ya 2022, Zanzibar ina watu 1,889,773, na kati yao 543,441 wako Pemba, yaani karibu asilimia 29. Ukigawa kwa majimbo, Pemba ina 18 kati ya 50, sawa na asilimia 36. Ukigawa kwa mikoa, ina miwili kati ya mitano, sawa na asilimia 40. Fungu lile lile laweza kuonekana pungufu au la ziada kwa kubadilisha kigawanyio tu. Ugumu huo uko hata ndani ya Unguja, ambako Mkoa wa Mjini Magharibi peke yake una watu 893,169, karibu nusu ya watu wote wa nchi, na Kusini Unguja una 195,873.

Kwa maoni ya mwandishi, idadi ya watu haitoshi kuwa kipimo pekee. Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya wa 2019/20 ulikuta asilimia 25.7 ya Wazanzibari wakiishi chini ya mstari wa mahitaji ya msingi, na umasikini wa Pemba ukiwa mkubwa kuliko wa Unguja. Ruzuku iliyokusudiwa kusawazisha maendeleo haina budi kuupa umasikini uzito wake, pamoja na gharama ya kuvusha saruji na mabati baharini mpaka Mkoani au Wete, ambayo hufanya darasa moja la Pemba lisilingane kwa bei na darasa moja la Unguja. La muhimu zaidi ni kwamba kigezo, chochote kitakachokuwa, kiandikwe na kitangazwe kabla ya fedha kugawiwa, ili ubishi uwe juu ya kigezo na usiwe juu ya nani anamjua nani.

Kikundi au jumuiya yetu inaweza kuomba ruzuku yenyewe?

Inaweza, ikiwa imesajiliwa, ina katiba, akaunti ya benki yenye watia saini zaidi ya mmoja, na hesabu za walau mwaka uliopita. Kwa vikundi vya mazingira, kama vile vya mikoko, mwani na uvuvi, kuna Programu ya Ruzuku Ndogo ya Mfuko wa Mazingira wa Dunia, inayosimamiwa kupitia UNDP, Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, na ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ikitoa si zaidi ya dola 50,000 kwa mradi. Tahadhari moja: kikundi kilichoundwa wiki moja kabla ya tarehe ya mwisho ya maombi hujulikana kwa harufu.

Mradi ukishakabidhiwa, nani anautunza?

Mkataba wa ujenzi huwa na kipindi cha uangalizi ambacho mkandarasi hurekebisha kasoro kwa gharama zake, na sehemu ya malipo yake huzuiliwa mpaka kipindi hicho kiishe. Kamati ya shehia iiandike tarehe hiyo ukutani ikibidi, na mwezi mmoja kabla ifanye ukaguzi wa kila mlango, kila bati na kila bomba, kisha ipeleke orodha ya kasoro kwa baraza kwa maandishi na ipokelewe kwa muhuri. Baada ya hapo matengenezo huwa ya mwenye jengo, ama baraza ama wizara, na yanatakiwa yawe na kasma yake katika bajeti ya kila mwaka. Ikiwa kasma hiyo haimo kwenye kitabu cha makadirio, swali lake liulizwe katika mkutano wa shehia unaofuata, kabla ya Disemba.